Nimekuja Kusalimia Tu

Jumatatu, 23 Septemba

Wa akiba, namba moja! Ndivyo nilivyoandikwa kwenye karatasi ya ukutani pale chuo cha uuguzi. Waliochaguliwa wote wameripoti kasoro mmoja. Asipotokea hadi Ijumaa saa kumi jioni, nafasi ni yangu. Akitokea — narudi Kaliua kumwagilia miche ya tumbaku ya baba.

Madam Shilinde wa udahili kasema nikae nyumbani, nitapigiwa simu. Sasa nikikaa tu, watajuaje kwamba nakitaka hiki chuo kuliko chakula? Ila kung'ang'ania nako sitaki. Shangazi Marsiana, ninayekaa kwake hapa Kitete, anasema dawa ni kwenda kusalimia. Ukisalimia hujaomba kitu.

Jumanne, 24 Septemba

Nimesalimia. Madam kaitikia marahaba, kauliza nina shida gani. Sina shida, nimekuja kusalimia tu. Akanitazama juu hadi chini! Kumbe mtu akisema amekuja kusalimia tu, ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote.

Jumatano, 25 Septemba

Aibu! Mama kanitumia asali kwa basi, dumu la lita tano. Kwetu huendi kusalimia mikono mitupu. Nikalitua mezani: salamu za mama. Madam akarudi nyuma na kiti chake, akanyoosha kidole ukutani. Bango la rushwa! Kasema niliondoe kabla hajamwita mlinzi.

Nikajitetea: Madam, haijachanganywa na maji! Mdomo wangu jamani. Nani kaniuliza habari za maji?

Nimelibeba mpaka Kitete, nyuki nyuma yangu. Nimelia. Halafu nimeila na mkate.

Alhamisi, 26 Septemba

Sikwenda. Nimezidisha, najua. Nimefua hata vilivyokuwa safi.

Saa tisa simu ikaita — Madam! Mbona leo hujaja kusalimia, unaumwa? Nikasema hapana, naogopa kukusumbua. Kasema kusalimia hakumsumbui, kinachomsumbua ni dumu. Akacheka! Nafasi sikuigusia. Niliung'ata ulimi.

Shangazi kapiga vigelegele huko jikoni. Vya nini, hata yeye hajui. Na mimi nikapiga.

Ijumaa, 27 Septemba

Saa nane. Nimesalimia, nimetoka, niko kwenye benchi mlangoni. Watu wananidhani mfanyakazi. Mzee mmoja kauliza choo, mwingine dirisha la fomu. Nawaelekeza wote. Najisikia kama mkuu wa chuo.

Saa tisa na nusu. Hajatokea! Najua si vizuri kuomba mwenzako asifike. Naomba hivyo hivyo. Mungu anisamehe baada ya saa kumi.

Saa kumi kasoro dakika nne. Ngoja niandike upesi.

Kaja msichana na sanduku la bati, vumbi hadi kwenye kope. "Shikamoo dada." Anaitwa Uwimana, katoka Mpanda, alikuwa anamuuguza mama yake. Anauliza, wanaochelewa kuripoti wanaingia wapi?

Ni yeye.

Mlango uko nyuma ya mgongo wangu, hauna hata kibao. Ningesema sijui. Ningemtuma jengo la mbali kule, na sanduku lile asingerudi kwa wakati. Dakika chache tu!

Mdomo ukasema "Marahaba." Kwa mtu wa rika langu! Halafu ukasema mlango huu hapa. Yeye hana pumzi, hodi nimempigia mimi. Sanduku nimelibeba mimi. Mjinga mimi!

Sasa yuko ndani, mlango haukufungwa vizuri. Namsikia Madam anapokea vyeti. Anauliza nani kakuleta hapa. Uwimana anajibu: yule dada wa ofisi, aliyekaa kwenye benchi.

Machozi yananitoka, na kicheko kimenibana. Kiti kimesogezwa huko ndani. Madam anakuja mlangoni, na mimi sijui nimwambie nini. Nitamsalimia tu.