Murusi wa Himbi Anapiga Magoti

Papa mupenzi,

Mvua ya Goma hainipi nafasi, lakini tumbo langu halilalamiki. Nimefikia kwa Kambale wetu, anayepika kwa muzee mumoja Murusi hapa mutaa wa Himbi. Leo, siku ya Mungu ya mwisho mbele ya Kwaresima, muzee aliingia jikoni mwenyewe, akatupikia chapati nyembamba zinazoogelea katika siagi. Tulipomaliza kula, akamupigia Kambale magoti, paji la uso mpaka chini kwenye sakafu.

«Kwetu leo ni siku ya kuombana musamaha. Unisamehe,» akasema. Muzungu, papa!

Kambale akamuinua: «Mungu akusamehe, muzee.»

Kisha akanigeukia mimi. Nikaruka: «Mimi tena? Si tumeonana jana tu!»

Akanionyesha kovu kutoka sikio mpaka kidevu. «Huu ni upanga wa kaka yangu. Katika vita ya kwetu ndugu walikatana. Hata vitabu vyetu vimejaa damu, lakini ndani yake muuaji pia anajua kupiga magoti. Mimi na kaka tulikuwa na kichwa kigumu, kila mumoja akingoja mwenzake aanze. Alikufa tukingali tunangoja. Sasa ninaanza mimi, kwa kila mutu.»

Wanaume wenye nguvu nimeona, papa, lakini kama huyu bado.

Mama nitamuletea kitenge. Baba mudogo umusalimie wewe mwenyewe. Kovu la panga lake kwenye mukono wako limekauka zamani, nyumba yake iko nyuma ya migomba tu, na magoti yako yangali na nguvu.

Mutoto wako anayekupenda,
Muhindo