Gari Lililogoma Asubuhi ya Harusi Yangu

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ibadakuli hatujambo, na mama yako amemaliza kupanda mpunga. Unaniuliza kama uiuze pikapu yako, maana mvua ikinyesha haiwaki, na mboga zinakuharibikia kabla hujafika sokoni Kalangalala.

Sijawahi kukusimulia asubuhi ya harusi yangu. Gari la mjomba lililokuwa linipeleke kanisani lilinyeshewa uani kwetu, likagoma. Mjomba alipiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Shangazi akanong'ona, "Hii ndoa imekataliwa." Nikalia. Kisha nikauliza, "Mjomba, jana liliwaka?"

"Liliwaka vizuri."

"Sasa tangu jana kimebadilika nini?"

Akatazama matope ya uani. "Mvua tu, mayu, mama yangu."

Tukafungua boneti. Kile kifuniko kinachogawa moto kwenye plagi kilikuwa na unyevu ndani, na nyaya zake zimelowa. Shangazi mwenyewe akatoa khanga kavu, tukafuta kila kitu, tukarudishia. Gari likawaka, na hakuna aliyepiga vigelegele kumshinda shangazi.

Kwa hiyo usiiuze kwanza. Ikigoma tena, zima swichi, ufute kifuniko hicho na nyaya zake, na zilizopasuka uzibadilishe. Huenda haidai zaidi ya hayo.

Kanisani nilifika nimechelewa, nina grisi viganjani. Niliificha mikono. Babu yako akaitafuta, akaishika hivyo hivyo.

Mungu akutangulie barabarani.

Bibi yako,
Mama Masanja