Jonah Tonui na Mistari Myeupe Juu ya Mau

Umetimia mwaka sasa, Jonah, tangu tulipokulaza katika udongo wa Kuresoi, na nyumba yako bado inazungumza kwa sauti ya chini.

Ulikuwa mpole. Ulimsalimu mtoto kwa heshima ile ile uliyompa chifu, na chai hukuionja kabla ya mgeni kumiminiwa.

Kazini kwako Nakuru uliziinamia picha za setilaiti kwa lenzi, ukitafuta mistari myeupe inayoachwa na ndege za masafa marefu. Ulitufundisha kwamba si moshi, bali ni mvuke wa injini ulioganda katika baridi ya juu. Mstari ukikuta hewa yenye unyevu hutanuka ukawa utando kama wingu jembamba. Mchana utando huo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua, na usiku huzuia joto la ardhi lisitoroke. Je, dunia hupoa au hupata joto zaidi? Ulitamani kulijibu swali hilo kabla ndege hazijajaa angani.

Hayo yote hukuyajua tangu mwanzo. Mwaka wa 1973 mvua ilichelewa, na baada ya ibada watu wakakuuliza, maana kwetu msomi huulizwa kila jambo, hata la ng'ombe mgonjwa. Ulikuwa umeona pichani utando mrefu juu ya msitu wa Mau. Ukasema, "Pandeni, mvua iko njiani." Wakapanda viazi, na mbegu ikaharibikia ardhini.

Ulipolinganisha picha hizo na njia za ndege, ukagundua kosa: utando ule uliachwa na ndege. Wakati huo utando mwingine ulikuwa umetanda, na majirani, kwa neno lako lile lile, walikuwa wakijiandaa kupanda mbegu yao ya mwisho.

Jumapili asubuhi Kipkemei, kaka yako mkubwa na mzee wa kanisa, alikuzuia mlangoni.

"Jonah, umevuka bahari ukasoma, leo usimame useme ulidanganywa na ndege? Utatuvua nguo!"

"Kaka, wakipanda kesho, watakula nini?"

"Waambie mvua imeahirishwa. Mungu huahirisha."

"Mungu hakuwaambia wapande. Niliwaambia mimi."

Wakati wa matangazo Kipkemei, aliyeyaongoza, hakukuita. Ulisimama hata hivyo, naye akakuvuta koti kama avutaye ndama. Ukasema, "Nilikosea. Lile halikuwa wingu la mvua, ilikuwa njia ya ndege. Hata hili la sasa ni hivyo hivyo. Tafadhali msipande."

Kisha jirani yetu Mama Jepkoech akasema, "Kumbe tulipanda kwa kufuata Wazungu wakienda safari zao!"

"Profesa," mwingine akadakia, "na gari moshi likipita tuvune?"

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Sisi tulitazama sakafu. Chepchirchir, mke wako, aliwatoa watoto nje kabla ya baraka, wala hakukungoja. Ulirudi nyumbani kwa miguu, peke yako, na hakuna hata mmoja wetu aliyekufuata.

Mbegu ilibaki ghalani. Mvua ilipofika kweli, ikapandwa, na Kuresoi ikala. Kipkemei alitaka kukuambia kwamba ulifanya vyema. Kila alipofungua kinywa, alijikuta akiuliza habari za ng'ombe. Ukamjibu kwa upole, kila mara, kana kwamba ng'ombe ndio aliokuja kuwaulizia. Kisha ukaugua, na nafasi ikaisha.

Siku ya mazishi yako Mama Jepkoech alitua gunia mlangoni. "Mzee," alimwambia Kipkemei, "hivi viazi vimetokana na mbegu ile aliyotukataza kupanda. Pikieni waombolezaji."

Kipkemei alilipokea gunia kwa mikono miwili, asiweze kuinua macho. Viazi vikapikwa, waombolezaji wakala, wakakusifu. Yeye alishika sahani yake mpaka chakula kikapoa.

Wanaokukumbuka kwa upendo, na kwa aibu ambayo hawataki kuificha tena: mke wako Chepchirchir, watoto wako, kaka yako Kipkemei na ukoo wote wa Kuresoi na Olenguruone.

Hutatoka mioyoni mwetu, Jonah, siku zote tutakazojaliwa.