Umekula, Mwalimu

Jumatatu, 14 Julai

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka ndani ya kikombe. Nimemwagilia mchicha, nimefagia uwanja, nimekunywa chai isiyo na sukari. Sukari iliyomo ndani imeletwa na wageni wa jana na siigusi.

Hao wageni. Mara ya tatu sasa. Mshenga yule yule, mzee wa kofia ya sufu, na kreti ya soda, na biskuti. Nimekaa nao saa nzima sikuonja hata tone. Kwetu milimani baba wa binti akionja cha posa amekubali, hakuna barua inayozidi hapo. Babu yangu aliwahi kushinda na kiu kutwa nzima mbele ya mtungi wa dengelua, pombe yetu ya miwa, akaenda kunywa maji mtoni walipoondoka. Mimi ni mjukuu wake.

Eliamini ndiye msemaji wangu. Aliongea vizuri kama kawaida yake. Jambo la heri halina haraka, tunaomba muda. Wakaaga.

Namkunda aliondoa glasi bila kuniangalia. Mlango wa jikoni aliufunga kwa nguvu. Ana miaka ishirini na saba, muuguzi wa zahanati, mtoto wangu wa pekee, na mchumba wake ni mpishi. Mwanamume mzima, mpishi wa mgahawani. Sifueli fulani, mtu wa Usangi. Sijamwona, maana kijana mwenyewe haji mpaka posa ipokewe. Namkunda alitaka kunionyesha picha kwenye simu. Nikasema sina miwani. Miwani ilikuwa puani.

Alhamisi, 17 Julai

Eliamini kapita jioni. Umefunguliwa mgahawa wa Kihindi karibu na barabara kuu, anataka twende Jumamosi, yeye ndiye mwenyeji. Nimekataa. Chakula cha Wahindi sikijui na tumbo langu halipendi mambo mapya.

Akanicheka. "Umefundisha jiografia miaka thelathini. Bara Hindi umelichora ubaoni kila mwaka na hujalionja hata kijiko."

Ni kweli. Tulifundisha wote kule Mbaga, chumba kwa chumba. Yeye hesabu, mimi jiografia. Alibeba jeneza la mke wangu upande wa kichwani, na baada ya mazishi alilala hapa siku tisa ili nisiwe peke yangu. Mtu wa namna hiyo humkatalii sahani ya chakula. Nimesema nitakwenda.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Tulifika saa saba. Mahali pasafi. Maua ya plastiki, picha ya tembo ukutani, sinki la kunawia lenye sabuni ya maji. Mwenye mgahawa ni mama wa Kihindi, kaniamkia vizuri, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Menyu sikuielewa. Eliamini akasema vimeshaagizwa. Nikaona ni ukarimu.

Vikaja kwenye vibakuli vidogo vya chuma. Dengu zilizopondeka, nzito, zenye samli juu. Mchicha uliosagwa na vipande vyeupe ndani, nikadhani ni mihogo, kumbe ni jibini, wanaiita panir. Kuku mwekundu wa tanuri. Maziwa mgando yenye tango. Na mkate mpana wenye madoa ya moto, naan. Nilitafuta kijiko, Eliamini akasema mega kwa mkono kama ugali. Hapo nikatulia.

Sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Kilikuwa kitamu. Zile dengu zilikuwa na tangawizi ya huku kwetu, naijua, inapanda puani kabla ya kufika kooni. Pilipili kidogo tu. Nikajisemea kumbe watu wanawasingizia Wahindi. Nilikula vibakuli viwili vya dengu. Nikaongeza naan. Nililamba vidole, mimi, mzee wa kanisa. Mwisho nikasema aitwe mpishi nimpe mkono.

Wala sikulazimishwa. Nilisema mwenyewe.

Akatoka kijana mrefu, aproni nyeupe, anajifuta mikono. Akainama. "Shikamoo, baba." Nikaitika marahaba, na nilikuwa bado nacheka. Kisha nikajiuliza kwa nini kasema baba na si mzee. Nikamwangalia Eliamini. Alikuwa ameangalia meza.

"Mwalimu," akasema, "huyu ndiye Sifueli. Na umekula."

Kwenye meza ya nyuma mtu akasimama. Kofia ya sufu. Alikuwepo muda wote, kanipa mgongo, shahidi wao. Shahidi wangu mimi alikuwa amekaa mbele yangu na mafuta ya kuku kidevuni.

Nilitoka na mikono sijanawa. Nilitembea mpaka nyumbani na harufu ile ya bizari.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani nimekaa upande wa akina mama. Eliamini alikuwa kwaya, anaimba besi. Sikuinua macho.

Nimemuuliza Namkunda baada ya ibada. Alijua. Hakuficha hata kidogo. Ndiye aliyemwambia yule kijana baba hawezi pilipili. Ndiye aliyesema baba anapenda maziwa mgando, weka na tango. Zile dengu laini ni kwa sababu ya jino langu la kulia. Chakula chote kilipimwa kwenye mdomo wangu na mtoto niliyemlisha mwenyewe kwa kijiko mama yake alipokuwa wodini.

Wamekaa wote watatu, wakanipanga kama mtego wa panya, wakachagua chambo. Nimeumia. Ningeibiwa na mtu baki ningepiga kelele. Hawa nitawapigia nani kelele?

Jumatatu, 21 Julai

Nimelala vibaya, nimeamka na jibu.

Desturi ina mlango wa pili. Aliyekula akajuta, anarudisha. Chakula kile kile, kimepikwa nyumbani kwake, anamkabidhi mshenga mkononi, na posa imekufa. Wazee walifanya hivyo, nimesikia kwa masikio yangu. Mshenga anarudi Jumamosi kuchukua neno. Nina siku tano.

Zamani ilikuwa rahisi, makande kwa makande. Mimi natakiwa nirudishe naan.

Nimekwenda sokoni. Dengu, giligilani, bizari nyembamba, manjano, iliki, mdalasini, samli, ngano. Mama muuza viungo kaniuliza kama naoa. Nikamwambia apime tu. Jibini ile hapa Same haipo. Yule mama kasema wanachemsha maziwa, wanatia ndimu, wanakamua kwenye kitambaa. Haya.

Sijawahi kupika zaidi ya ugali na mayai. Lakini mtoto wangu simtoi kwa hila.

Jumatano, 23 Julai

Dengu zimeungua. Panir imekuwa kama chaki iliyolowa. Naan nimeichoma juu ya sufuria, imetoka ngumu kama kigae. Kuku alikuwa mwekundu nje na mwekundu ndani.

Namkunda karudi zamu ya asubuhi, kasimama mlangoni na sare yake. Aliona unga sakafuni, aliona bizari kwenye shati langu. Anajua desturi, hakuuliza napika nini. Kwa sekunde moja nilidhani atacheka na nilitaka acheke. Akachukua ndoo akaenda kufua.

Kuku wa jirani wamekataa naan.

Alhamisi, 24 Julai

Eliamini kaja. Sikumfungulia, tumeongea yeye nje ya geti mimi ndani. Majirani wameona. Waone.

Nimemwambia wewe ulikuwa mdomo wangu. Nilikupa maneno yangu ukabebe, ukaenda kuyageuza. Kama ulikuwa upande wao ungehamia kiti chao, nikakujua. Hakujitetea sana. Alisema alinikingia mara tatu kwa moyo wote. Mara ya tatu alimwona Namkunda akiokota glasi na akaona haya kwa maneno aliyotoka kuyasema.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikuambia Pasaka kwamba unamzuia mtoto. Nikakuambia tena nilipokuja kukusaidia kuezeka banda. Kila mara unaniuliza habari za mvua."

Nakumbuka habari za mvua. Sikumwambia kwamba nakumbuka. Nikamwambia tena: rafiki husema mpaka asikike, hamlishi mwenzake kama kipofu. Akasema samahani, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Nikaingia ndani.

Amesimama pale muda mrefu. Nilimwona kwenye pazia.

Ijumaa, 25 Julai

Leo zimekubali.

Nililoweka dengu tangu jana. Moto mdogo. Tangawizi nikaitwanga, sikuikata. Viungo nikavikaanga kwenye samli mwisho, siyo mwanzo, na harufu ikajaa nyumba nzima. Panir imeshikana. Kuku ameiva mpaka mfupani. Naan si nzuri lakini inamegeka. Nimeonja dengu nikiwa nimesimama. Zile zile. Nilifurahi kama mtoto aliyepata hesabu, halafu nikakumbuka nazipika ili nizirudishe, nikakasirika upya.

Namkunda karudi saa kumi. Akaketi mezani, mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikampakulia. Akala polepole. Akaniuliza kama nitampa mshenga kesho. Nikasema ndiyo.

Akaosha sahani yake, akaifuta, akairudisha kabatini. Ndipo akasema, amenipa mgongo:

"Ukirudisha, baba, sitaolewa naye. Sitakukimbia wala sitabishana. Ila nataka uniambie kitu kimoja. Yuko nani ambaye ungekula chakula chake?"

Nikafungua mdomo. Nikamtafuta kichwani. Nikaanza na mwalimu, kijana wa dini, mwenye shahada. Nikamkataa. Nikaleta daktari, nikamkataa, angehamishwa. Nikaleta mtoto wa mchungaji wetu, ninayemsifia kila siku. Nikamwona amekaa pale sebuleni na soda, na mimi sinywi.

Hayupo. Nimepitia Same yote na milima yote, hayupo.

Namkunda alisubiri. Kisha akaenda chumbani kwake. Nimekaa na sufuria ya dengu. Nilikuwa nasema mpishi, mpishi. Upishi wake haukuwahi kunisumbua hata siku moja. Mama yake alipokufa nilibaki na mtu mmoja nyumba hii, na nimemfungia mlango miaka sita nikiuita mlango huo desturi. Naogopa kula peke yangu. Ndilo hilo.

Na bado walinidanganya. Yote mawili ni kweli.

Jumamosi, 26 Julai

Mshenga alifika saa nne na wazee wawili. Kiti cha msemaji wangu kilikuwa kitupu. Eliamini hakuja na sikumwita. Nikaongea mwenyewe, jambo ambalo si la kwetu, wazee wale wakatazamana.

Chakula kilikuwa jikoni, kimefunikwa. Mshenga alikuwa anasikia harufu yake, nilimwona anameza mate, na uso umemshuka kwa sababu anajua maana yake. Nikamwacha hivyo kidogo. Niseme ukweli, nilimwacha makusudi.

Kisha nikasema nilikula, na nilichokula sikirudishi. Nikamwambia pia: mpelekee kijana salamu, mwambie amepika vizuri lakini ameanza vibaya. Siku nyingine akitaka kitu kwangu aje mbele ya uso wangu. Mshenga kasema ataufikisha ujumbe kama ulivyo.

Namkunda alikuwa nyuma ya mlango. Alitoka, akapiga magoti, akashika miguu yangu. Nikamwinua. Nikamwambia nimekubali, na nimeumia, asichanganye. Akasema hachanganyi. Alilia, mimi sikulia mbele za watu.

Hawakuondoka na njaa. Niliwapakulia wote. Mzee wa kofia alikula mabakuli mawili.

Jumapili, 27 Julai

Baridi. Mawingu yameshuka hadi nusu ya mlima.

Namkunda kapanda asubuhi kwenda kumpa habari shangazi yake, atalala huko. Harusi baada ya mavuno.

Kanisani Eliamini alinisubiri kwenye ngazi. Kanipa mkono, nikaupokea. Akasema amesikia. Nikasema ndiyo. Akauliza hali, nikasema salama. Alingoja niseme kitu kingine, watu wakatupita pande zote mbili. Sijamsamehe, na sitajifanya nimemsamehe kwa sababu mambo yameisha vizuri kwa wengine. Alivaa kofia yake akaondoka kwa njia ya sokoni, mimi nikapita ya stesheni.

Mchana nimepasha dengu zilizobaki. Nimegundua kitu. Zikilala siku mbili zinakuwa tamu zaidi, tangawizi inatulia. Nilinyanyua simu kumwambia Eliamini kabla sijakumbuka.

Nimeirudisha mezani. Nimemaliza bakuli, nimeliosha.