Mlango Ambao Bibi Hakuupita

Garsen, 14 Novemba 1957
Asubuhi manyunyu, mto umejaa.

Kaka Athmani,

Sisi wazima, na mbuzi amezaa pacha. Picha uliyompiga Bibi imefika, pamoja na karatasi ya maonyesho ya Mombasa. Ni nzuri, sikatai. Kila ua la ule mlango wa nakshi wa Kipini linaonekana. Chini umeandika: "Bibi Tufaha, mwenye nyumba."

Uliandikaje hivyo? Siku ile nilikuwapo. Bibi alikuambia, "Mjukuu wangu, mimi nalikuwa mtumwa humu. Mlango huu haukuwa wangu kupita. Nipige picha kule uani, nilikotwanga na mamangu." Ukacheka: "Uani kuna nini, Bibi? Kuta zimekwisha. Keti hapa penye mwanga." Akaketi kwa kukupenda wewe.

Sasa jirani yetu Darmi kila akipita huita, "Hodi kwa mwenye nyumba! Una watumwa wangapi?" Bibi hacheki. Leo siku ya nne hatoki nje, wala usingizi hapati.

Asubuhi hii aliomba mkasi. Akajikata mwenyewe pichani, taratibu, akifuata ukingo wa buibui lake. Akasema, "Mlango mrudishie mwenyewe." Basi umo ndani ya bahasha, na tundu lake katikati. Ukimtaka Bibi, njoo umpige picha kule uani Kipini, kabla mvua haijaumaliza ua wenyewe.

Kipande chake amekifunga kwenye pindo la leso.

Dada yako,
Fosia

Saa nane na robo mchana. Bibi amelala.