Miwani Juu Chini

Nyumbani kwetu,
Chumba cha upande wa bomba,
Jumapili mchana.

Mpendwa Mjomba,

Kabla hata ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama wala rafiki yangu wa dawati moja. Kwa siku kadhaa mwezi huu nilikuwa nasoma nikiwa nimevaa miwani juu chini. Mlango nimeufunga, mkono mmoja umeshikilia miwani isidondoke, mwingine umeshika kitabu. Angeniona mtu angedhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Basi, limetoka. Sasa nikusalimie kama nilivyolelewa. Shikamoo, Mjomba. Mgongo wako umepata nafuu, au dirisha la tiketi bado linakuadhibu? Mkaza mjomba hajambo? Na binamu zangu, yule mrefu na yule wa filimbi, wameacha kugombania kitanda cha juu? Sisi huku ni wazima. Bibi anakula vizuri na anagombana na redio ya baba kama kawaida. Bomba la uani bado linavuja pale pale ulipolifunga kwa kitambaa ulipokuja.

Uliniuliza kwenye barua yako kama miwani mpya imenikaa vizuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu.

Daktari wa macho aliona kwamba jicho langu la kushoto ni zima karibu lote, ila la kulia ndilo vivu. Kwa hiyo nilihitaji kioo kizito upande wa kulia na chepesi upande wa kushoto. Mama akanipeleka kwenye duka la miwani lililo mkabala na posta, nikachagua fremu ya duara. Nakuambia wewe tu: niliichagua kwa sababu inanifanya nionekane nimesoma vitabu vingi kuliko nilivyosoma. Ikumbuke hiyo duara, maana ndiyo iliyoleta mambo yote.

Muuzaji wa pale ni mwanamume nadhifu, shati lake limenyooshwa kwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Wateja humwita Bwana Subiri. Ukiuliza bei, anasema subiri. Hata ukimwamkia, anasema subiri.

Tulipokwenda kuichukua miwani, niliivaa na sakafu ikapanda. Kweli, nilihisi nimesimama kwenye mteremko. Nikasema sioni vizuri, kwa sauti yangu ile unayoijua, isiyofika mbali zaidi ya kidevu changu. Bwana Subiri alikuwa anazungumza kwa simu. Akaifunika kwa kiganja, akasema, "Utazoea." Akaendelea na simu yake.

Mama akamuuliza kwa upole kama asingeweza kuipima tena. Hapo ndipo alipoiweka simu chini.

"Mama, kazi hii nimeianza huyu hajazaliwa. Miwani haina kasoro. Huyu amezidisha vitabu, na wewe unamdekeza. Mfungie hivyo vitabu, utaona macho yatakavyotulia."

Watu waliokaa kwenye benchi walitazama viatu vyao. Mama akasema asante. Unamjua dada yako, Mjomba. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi.

Tulipofika nyumbani alikusanya vitabu vyangu vyote, hata kamusi uliyoniletea, akavipanga kwenye kabati la vyombo nyuma ya sufuria kubwa, akafunga kwa ufunguo. Aliniachia vya shule tu, navyo mwisho wa kuvisoma ni jioni. Hakuwa na hasira. Alifanya kama anavyonipa dawa, kwa huruma na bila mjadala. Mtaalamu amesema, imekwisha.

Shuleni mambo yakaharibika. Nilinakili nane mahali pa tatu, hesabu nzima ikaenda upande. Mwalimu wa hesabu akanihamishia dawati la mbele kabisa, akashusha pumzi. Kichwa kiliniuma kila siku kabla ya mapumziko, na mitihani ya mwisho wa muhula ndiyo hiyo inakuja.

Baba aliposikia alitaka kwenda dukani siku ile ile. Lakini unajua namna baba anavyodai haki yake dukani. Mara ya mwisho ilikuwa ni viatu vilivyobanduka soli. Alipiga kelele hadi mwenye duka la jirani akafunga mlango. Viatu vilibadilishwa, ni kweli, ila tangu hapo tukienda sokoni tunazunguka mtaa wa nyuma ili tusipite pale. Mama akamzuia. Mimi nikabaki katikati, kati ya mtu anayenyamaza na mtu anayefoka, na sikujua kama kuna njia nyingine.

Jumamosi moja nilikuwa nimelala chali kitandani, nafuta miwani kwa ncha ya shati. Niliigeuza nione kama skrubu imelegea, kisha bila kufikiri nikaipeleka machoni ikiwa vile vile juu chini. Kalenda ya ukutani ikafunguka. Niliona tarehe, nikaona hata maandishi madogo ya chini yanayotaja aliyeichapisha. Nikaivaa inavyovaliwa, ukungu ukarudi. Nikaigeuza tena, kalenda ikarudi.

Niliketi nikawaza. Ukiigeuza miwani juu chini, kioo cha kushoto kinakuja kwenye jicho la kulia na cha kulia kinakwenda kushoto. Kwa hiyo vioo vyangu vilikuwa vimepishana. Fremu ya pembe ingekataa, kioo cha upande mmoja kisingeingia upande wa pili. Lakini duara haina ubishi, inapokea chochote unachoipa. Fundi alivichanganya, na hakuna kitu kilichomzuia.

Ungedhani nilikimbia kumwambia mama. Sikukimbia. Kumwambia kungekuwa na maana ya kurudi kwenye ile kaunta, na mimi niliona ni rahisi kushikilia miwani kwa mkono maisha yangu yote kuliko kusimama tena mbele ya Bwana Subiri. Ndiyo maana nikawa nafunga mlango.

Kilichonitoa ni sauti ya mama jikoni. Alikuwa anamenya viazi, hakujua nipo ukumbini. Alimwambia baba, "Labda kweli nimemdekeza. Labda mimi ndiye niliyemharibu macho." Baba akasema acha maneno hayo. Kisha nikasikia kisu tu. Mjomba, mimi nilikuwa na jibu la swali lake, nimelificha chumbani pamoja na miwani. Kunyamaza kwangu hakukuwa upole tena.

Nikaingia jikoni nikawaambia nataka kurudi dukani na nitaongea mwenyewe. Sikuwaeleza kwa nini, niliogopa wangeicheka ile habari ya juu chini, nami ningerudi nyuma. Mama akasema tusimsumbue mtu wa watu. Baba akaniangalia. "Watakumeza," akasema. Nikamwambia aje, ila akae nje. Alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Nilitunga sentensi moja, nikaifanyia mazoezi bombani huku maji yakimwagika ili nisisikike. Nilipoikagua niliona neno samahani limejipenyeza mara mbili, nikaliondoa kote kuwili, maana sikuwa nimemkosea mtu. Kisha nikakukumbuka wewe, na yule abiria aliyekuita ng'ombe, jinsi ulivyoniandikia kwamba ulikunywa maji kwanza ndipo ukamjibu. Nikajua kwamba nyuma ya kila kaunta kuna mtu mwenye mgongo wake. Kwa hiyo nikaondoa pia maneno makali. Ilibaki hivi: "Naomba unisikilize mpaka mwisho, kisha utanijibu."

Tulikwenda Alhamisi baada ya shule. Baba akabaki nje, mikono nyuma, anajifanya anasoma bei za fremu dirishani. Ndani kulikuwa na mzee mwenye fimbo na mama mmoja na mtoto wake, wote kwenye benchi. Nikafika kaunta.

"Subiri," akasema.

Nikasubiri. Akaingia mtu nyuma yangu, akahudumiwa, akaondoka. Nikasema sentensi yangu.

"Wewe si yule wa juzi? Nilikwambia utazoea. Miwani si pipi, ulambe kisha urudishe."

Benchi likacheka. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikairudia sentensi ile ile, kwa sauti ile ile, bila kuongeza wala kupunguza. Ni ajabu, Mjomba. Sentensi ikirudiwa vile vile, mtu anakosa pa kuishika.

"Haya, sema. Watu wanasubiri."

"Vioo vimepishana. Cha kulia kipo kushoto."

"Fundi wangu hakosei."

"Sibishani. Nitakuonyesha."

Nikaivaa miwani kama watu, nikageukia ubao wa herufi ulio ukuta wa mbali. Nikasoma herufi moja, ile kubwa ya juu, nikasema hapa ndipo mwisho wangu. Kisha nikaivua, nikaigeuza juu chini, nikaishika kwa mikono miwili. Vishikio vyake vilisimama kando ya kichwa changu kama masikio ya sungura. Sasa walicheka kwelikweli. Yule mtoto akaninyooshea kidole na mama yake hakumkataza.

Nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza, wa pili, nikashuka. Sauti ilikuwa inatoka, sijui ilitoka wapi. Nikamaliza herufi zote. Chini yake, pembeni, kulikuwa na maandishi ambayo nadhani hakuna mtu amewahi kuyasoma tangu ubao utundikwe. Nikayasoma pia: "Futa kwa kitambaa kikavu." Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Bwana," mzee wa fimbo akasema, "huyo anaona mpaka vumbi la ubao wako. Mpe haki yake."

"Sasa unataka kutembea hivyo?" Bwana Subiri akaniuliza, lakini lilikuwa tusi lililochoka.

"Hapana. Nataka kutembea kama watu, ndiyo maana nimekuja."

Akaichukua, akaiweka kwenye mashine yake ndogo. Akaitoa, akaiweka tena. "Vimepishana," akasema, kama anaiambia mashine. Kisha akajiweka sawa. "Iache hapa. Njoo wiki ijayo."

"Nitasubiri," nikasema, nikaenda kukaa kwenye benchi. Mzee akasogea kunipa nafasi.

Huko nje baba aliniona nimekaa bila miwani, akadhani nimeshindwa. Akaingia na kifua mbele. Bwana Subiri akamuwahi.

"Mzee, tunaomba radhi sana, imetokea kasoro ndogo, tunairekebisha sasa hivi."

Baba alikuwa ameshafungua mdomo wa kufokea. Akanitazama, akaufunga. "Mwenye miwani ni huyo," akasema. "Mwambie yeye."

Bwana Subiri akageuka. Alilisema akinitazama usoni. "Samahani, binti."

Nikamwambia nimeipokea, na kwamba limebaki jambo moja. Hili sikuwa nimelifanyia mazoezi. "Ulimwambia mama yangu kwamba vitabu ndivyo vilivyoniharibu macho, na kwamba ananidekeza. Amevifungia. Mimi nikimwambia si kweli hatanisadiki, kwa sababu wewe ndiye mtaalamu. Naomba umpigie simu."

Akaliangalia benchi. Benchi likamwangalia yeye, safari hii si viatu. Akatoa simu, baba akamtajia namba.

Hatukusikia upande wa mama. Tulisikia upande wake tu, tena kwa muda mrefu. "Ndiyo mama. Kosa ni letu mama. Hapana, vitabu havina tatizo. Ndiyo, nilisema hivyo. Kweli mama. Sikupaswa. Ndiyo mama, mbele za watu. Naelewa mama." Alipokata simu alijifuta paji la uso. Mpaka leo mama hajatuambia alimwambia nini. Baba amemuuliza mara nyingi, yeye anasema alimshukuru tu.

Fundi alitoka nyuma ya pazia, akafungua skrubu, akabadilisha vioo, akaniomba radhi bila kuambiwa na mtu. Nilipoivaa, sakafu ilikaa mahali pake.

Mjomba, nina ombi. Akija mtu kwenye dirisha lako mwenye sauti ndogo kama yangu, mpe nafasi afike mwisho wa sentensi. Huenda ameifanyia mazoezi bombani.

Mfikishie mkaza mjomba shikamoo yangu, na binamu zangu wote wawili salamu, yule wa filimbi umwambie bibi anauliza lini atakuja kumpigia ule wimbo. Baba na mama wanakusalimu. Mungu aulinde mgongo wako na akulete huku salama likizo ijayo.

Nimalizie siku ile. Tulipofika nyumbani mama alikuwa jikoni. Alinipa ufunguo. Nilisogeza sufuria kubwa, nikatoa kamusi yako, nikakifuta vumbi kitabu kilichokuwa chini yake. Nikatoka uani, nikakaa karibu na bomba, mlango wazi, nikasoma mpaka nikaitwa kula.

Ni mimi, mpwa wako nikupendaye siku zote,
Profesa, kama unavyoniita.