Picha Zilizopita Mkasi

Silver Spring, Maryland
9 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Barua hii niliianza Desemba, wiki ile mliyotoka Dar kwenye usaili wa viza ya Euphrasia, ikakaa kwenye mkoba wa kazini mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kwenye simu haya siwezi kuyasema, maana husikii vizuri, inabidi nipige kelele, na Euphrasia anakuwa hapo hapo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu inavimba na usingizi haunitoshi.

Sina hasira na mtoto. Afisa alimuuliza mama yako yuko wapi, akakuonyesha wewe. Akaulizwa Adela ni nani, akasema ni dada, yuko Marekani. Amesema anachokijua. Nilimwacha ana miaka miwili na nusu, na kwetu mtoto anayelelewa na bibi humwita bibi mama. Hata mimi nilimwita bibi yangu hivyo. Lakini cheti chake cha kuzaliwa tulikikata amefika miaka sita, kwa hiyo wanataka ushahidi zaidi kwamba ni mimi niliyemzaa. Mwisho tarehe 30 Juni. Wakili wa hapa anasema tuanze na picha, si za studio, za maisha ya kila siku, za miaka yote.

Na picha ndiyo kazi yangu siku hizi. Bibi Winifred ninayemhudumia ana miaka tisini na moja. Wazazi wake walikuwa wamisionari China, na baba yake alikuwa na kamera. Maboksi matano. Chuo kimoja kinazitaka, lakini kila picha iwe na maelezo, basi akishakunywa uji tunakaa mezani, yeye anasema, mimi naandika kwenye kadi. Usidhani ni picha za wafalme. Kinyozi ananyoa mtu kando ya njia. Wanawake wanaosha kabeji mtoni, unaona kabisa maji ni ya baridi. Mzee amelala juu ya magunia, mdomo wazi.

Kuna mwanamke yuko kwenye picha nyingi za nyumbani kwao, ila nusu tu: sikio, kiganja, mkono wa blauzi. Nikauliza. Akasema ndiye aliyemlea. Mama yake alikuwa anakata kingo ili picha zienee kwenye albamu, na pembeni siku zote alikuwa yule.

"Jina lake nani?"

"Nilimwita Ma. Sikujua kama ana jina lingine."

Akanisogezea picha inayofuata.

Nitafutie picha, Mama.

Mwanao,
Adela

*

Muleba, Kagera
3 Machi 2025

Mwanangu Adela,

Marahaba. Goti liko palepale, tumeshazoeana. Huku mvua imeanza na migomba imeamka. Wewe uinue hiyo miguu ukikaa.

Hao Wachina wa bibi yako nimewafikiria. Mimi ninaowajua ni wale waliojenga barabara. Walinunua kabeji zangu bila kubishana, sijapata tena wateja kama wale.

Picha nimempa Benadetha wa Woodbridge, aliyekuja kumzika baba yake. Ziko kumi na moja, zote alipiga Leonard wa stendi. Nimezitengeneza vizuri ili safari hii wasichanganyikiwe. Mtoto pia nimemfundisha. Kila asubuhi kabla ya chai namuuliza mama yako nani, anajibu Adela. Jana akaniuliza, "Na wewe ni nani?" Nikamwambia kunywa chai uende shule.

Mama yako

*

Silver Spring
30 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima. Benadetha alinifikishia bahasha jana, nimempa pole za msiba.

Umefanya nini, Mama? Zote kumi na moja zimepita mkasi. Euphrasia anaogeshwa na mikono isiyo na mtu. Euphrasia na nusu ya kanga yako. Ile ya Krismasi nilipokuja 2022, ulikaa katikati yetu. Umejitoa, ukatubandika mimi na yeye kwa gundi, bega langu limeingia kwenye sikio lake. Niliipiga picha kwa simu nikamtumia wakili. Akasema hii wataiona ya kughushi, na ukishaonekana umeghushi hakuna kurudi.

Bibi Winifred aliomba kuziona. Akapitisha kidole pale kwenye mkato.

"Nani ametolewa hapa?"

"Mama yangu."

"Nani kamtoa?"

"Mwenyewe."

Akasema hiyo hajaiona. Halafu akaniambia walivyoondoka China, akiwa na miaka saba. Yule mwanamke alimfunga vifungo vya koti, akarudi ndani. "Mwaka mzima nililia nikiita Ma," akasema, "na mama yangu alikuwa anaitika."

Niletee nzima. Na hilo somo la kabla ya chai, acha.

Mwanao,
Adela

*

Silver Spring
27 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Wiki nne, kimya, hata simu hupokei. Nimempigia Leonard, anasema u mzima, unaenda shamba. Basi umenikasirikia. Kasirika, ila siku zinakwisha.

Adela wako

*

Muleba
6 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, Euphrasia ameng'oka jino la mbele.

Sikukasirika. Nilikosa cha kuandika. Niliogopa wakiniona mimi tena watamnyima, hiyo ni kweli. Lakini nilipofika ile ya Krismasi nilikata polepole. Nikajiweka pembeni kwenye meza, nikawatazama mlivyobaki wawili. Nikasema ndivyo itakavyokuwa, afadhali nizoee.

Sasa nakuomba. Mwache amalize darasa la tatu. Desemba si mbali. Kiingereza chenyewe hana, na usiku akishtuka anataka mgongo usuguliwe, huko utakuwa kazini. Nimesema nilichonacho. Wewe ndiye uliyemzaa.

Mama yako

*

Silver Spring
18 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimelala nayo siku tatu. Uliandika vizuri, ndiyo maana imenichosha.

Hapana, Mama. Tukipita tarehe 30 Juni faili linafungwa, na kuanza upya si miezi, ni miaka. Nitamkuta ananipita urefu. Zamu za usiku nimeacha tangu Jumatatu.

Najua atalia. Atakuita Mama, na mimi sitaitika. Nitakupigia simu umwitikie wewe, hata kama majirani watasikia kelele zangu zote. Mimi ataniita anavyotaka. Dada inanitosha kwa kuanzia.

Maboksi ya Bibi Winifred tumemaliza. Mara thelathini na nne nimeandika kwenye kadi: mwanamke aliyemlea Winifred, jina halijulikani. Mara ya mwisho bibi alisema niandike tu, amechoka. Nikaandika. Mtu wangu sitaki aandikwe hivyo.

Usimpe msafiri tena. Peleka kwa wale wa vifurushi pale Bukoba, ifike kabla ya tarehe 10 Juni. Ninachohitaji bado ni hiki:

Picha zile kumi na moja, Leonard azisafishe upya kutoka kwenye kompyuta yake, nzima, wewe ukiwemo. Nyuma ya kila moja tarehe, mahali, na majina ya wote. Lako uliandike lote, Leokadia Kokushubira, usiandike bibi.

Kadi ya kliniki, yenyewe, si kopi, hata kama ina doa la chai. Ina jina langu na saini ya nesi.

Cheti cha ubatizo, nakala mpya kutoka parokiani, yenye muhuri.

Picha mbili za pasipoti za Euphrasia, masikio yaonekane. Pengo halina shida.

Na kiapo chako mbele ya wakili, kwamba wewe ndiye uliyemlea tangu tarehe 14 Agosti 2019, siku niliyoondoka. Akikuuliza aandike mpaka lini, mwambie hapo paachwe wazi.

Mwanao,
Adela